Maswali ya Wasomaji: Mavazi ya Kinga kwa Mzazi na Mtoto Wanaocheza Hoki ya Barafu

Barua za safari hii zote zimetoka kwa wazazi, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu avae nini kabla ya kukanyaga barafu akiwa na gongo mkononi? Baadhi tumezifupisha. Ninazijibu nikiwa mzazi niliyepiga magoti mbele ya benchi la chumba cha kuvalia kwa misimu mingi, nikiwafunga watoto wangu kamba za viatu kabla ya kufunga zangu, na ambaye hadi leo bado ninacheza.

SWALI: Binti yangu ana umri wa miaka 8 na amejiunga na timu ya hoki ya barafu kwa mara ya kwanza. Anakua haraka mno, na nguo zake zote humnunulia kubwa kidogo ili azivae misimu miwili. Je, kuna ubaya nikifanya hivyo hivyo kwa vifaa vya kinga? Mama wa binti mmoja.

JIBU: Mzazi mwenzangu, ubaya upo, nami naomba uniwie radhi nikilieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, na hufanywa na wazazi wanaowapenda watoto wao. Koti likiwa kubwa hubaki kuwa koti. Pedi ikiwa kubwa huacha kuwa pedi mara inapohama mahali pake, kwa maana kazi yake yote ni kuwa juu ya mfupa fulani katika nukta ile ile ambayo mfupa huo unagonga kitu kigumu. Na vitu vigumu katika mchezo huu havikosekani: ipo barafu yenyewe, upo ukuta wa pembeni, yapo magongo ya wenzake, na kipo kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170, ambacho aghalabu hugandishwa kabla ya mechi ili kiteleze badala ya kudunda. Watoto wa umri wa binti yako mara nyingi hupewa kisahani chepesi zaidi, cha gramu zipatazo 113, lakini barafu wanayoangukia ni ile ile ya watu wazima.

Niliwahi kumvua jezi mvulana mmoja aliyetoka uwanjani akilia, nikakuta pedi za kiwiko alizorithi kwa kaka yake zimeteremka hadi karibu na kifundo cha mkono. Alikuwa ameanguka mara tatu. Alipoanguka mara ya kwanza pedi ilisogea, ya pili ikateremka kabisa, na ya tatu kiwiko kikapiga barafu kikiwa hakina kitu ila fulana nyembamba. Kwa macho ya baba yake aliyekuwa jukwaani, mtoto alikuwa amevaa kila kitu.

Basi tuanzie kichwani. Helmeti inapaswa kukaa upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, isiegemee kisogoni hata ikaacha paji la uso wazi. Mwambie binti yako atikise kichwa kwa nguvu kama anayekataa jambo. Helmeti ikizunguka huku uso umebaki pale pale, ni kubwa, na skrubu za pembeni zinazoirekebisha zikazwe au utafutwe ukubwa mwingine. Mkanda wa kidevu ukazwe kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu. Nywele zake zifungwe chini, usawa wa shingo, kwa sababu fundo la nywele utosini huinyanyua helmeti na kuiacha ikielea, na vivyo hivyo asivae kofia ya sufu ndani yake. Wavu wa uso ufike chini hadi kidevu kitulie ndani ya kikombe chake, na usiweze kusukumwa ukagusa pua. Katika hoki ya watoto nchini Marekani na Kanada wavu kamili ni sharti, wala si jambo la hiari.

Pedi za mabega ziwe na vikombe vilivyokaa hasa juu ya ncha za mabega, zifunike mitulinga, na mtoto akiinua mikono juu zisipande zikamkaba koo. Kiwiko kitulie ndani kabisa ya kikombe cha pedi yake, na pedi hiyo ianzie pale mkono wa pedi ya bega unapoishia na ifike pale glavu inapoanza. Glavu ziache nafasi ndogo tu mbele ya vidole, isiyozidi sentimita moja, la sivyo hataweza kulishika gongo barabara, na mchezaji asiyelitawala gongo lake ni hatari kwa wenzake pia. Suruali ianzie kwenye mbavu za chini na ifike juu ya pia ya goti, ikilalia kinga ya ugoko kwa sentimita kati ya 2 na 5, na sehemu yake ngumu ya nyuma ifunike kifandugu, maana anayejifunza kuteleza huketi chini ghafla mara nyingi sana. Kinga ya ugoko hupimwa kwa goti, wala si kwa urefu wa mtoto: pia ya goti ikae katikati ya kikombe, na ncha ya chini iishie juu kidogo ya kiatu bila kuzuia kifundo cha mguu kukunjika. Kinga ya kinena huvaliwa na wasichana pia, ingawa umbo lake hutofautiana na la wavulana. Wazazi wengi wa mabinti huisahau.

Viatu nimeviacha nyuma kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo kununua kikubwa kunakodhuru zaidi. Kiatu cha barafu kwa kawaida huwa na namba ndogo kuliko kiatu cha kutembelea, kiasi cha namba moja hadi moja na nusu. Mtoto akisimama wima, vidole vyake viguse mbele kidogo tu. Akikunja magoti, kisigino kirudi nyuma na vidole vipate nafasi. Kabla hujafunga kamba, msukume mguu mbele hadi vidole viguse, kisha jaribu kupitisha kidole chako nyuma ya kisigino. Kikipita kimoja kwa kubana, kiatu kinamfaa. Vikipita viwili, kifundo chake kitakuwa kinalalia upande msimu mzima, naye atadhani hana kipaji ilhali hana kiatu. Usijaribu kuziba nafasi hiyo kwa soksi nene, kwani hukunjamana, huchubua ngozi na huzuia damu kupita, hivyo miguu huzidi kupata baridi.

Ukihitaji kubana matumizi, bana kwenye jezi, ambayo inaweza kuwa kubwa kwa misimu mitatu bila kumdhuru mtu, na kwenye begi. Tafuta pia suruali ambazo zina zipu ya kuongeza urefu wa mguu kadiri mtoto anavyokua. Kisha, siku ya kwanza ya msimu na tena katikati yake, mvalishe kila kitu sebuleni, umwambie apige magoti, anyooshe mikono juu, alale kifudifudi na kuinuka. Kazi yako wakati huo ni kutazama mianya: kifundo cha mkono kati ya glavu na pedi, goti kati ya suruali na kinga ya ugoko, na shingo. Unapoona fulana au ngozi, ndipo kisahani kitakapopaona.

SWALI: Nilianza kujifunza kuteleza nikiwa na miaka 41 ili nicheze pamoja na mwanangu. Yeye huvaa vifaa vyote, lakini mimi nina helmeti isiyo na wavu, na sina kinga ya shingo. Wenzangu wa timu ya watu wazima husema kwamba vitu hivyo ni vya watoto, kwa kuwa sisi tunacheza kwa kujifurahisha na hatugongani. Wanasema kweli? Baba anayejifunza.

JIBU: Ndugu yangu, nitakujibu waziwazi: hawasemi kweli, na wewe unahitaji kinga kwa kiwango kile kile cha mwanao, pengine na zaidi. Mtoto huanguka kutoka kimo cha mita moja na ushei, akiwa na uzito mdogo na mwili unaokunjika. Wewe unaanguka kutoka juu zaidi, kwa uzito wa mtu mzima, na hukujifunza kuanguka ulipokuwa mdogo. Kutogongana kwa makusudi hakumzuii mtu kujikwaa kwenye gongo la mwenzake, wala hakukizuii kisahani kuruka baada ya kuguswa na ncha ya gongo.

Hoja ya wenzako ni ya zamani, na hata waliocheza kwa malipo waliishikilia kwa miaka mingi. Jacques Plante, kipa wa Montreal Canadiens, alikuwa akivaa barakoa mazoezini, lakini kocha wake hakutaka aivae kwenye mechi. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, mkwaju wa Andy Bathgate ulimpasua uso. Akaenda kushonwa, kisha akakataa kurudi uwanjani bila barakoa. Alirudi nayo, timu yake ikashinda, na makipa wengine wakaanza kumfuata. Wachezaji wa ndani, yaani wasio makipa, walichelewa zaidi. Bill Masterton wa Minnesota North Stars alianguka chali katika mechi ya tarehe 13 Januari 1968, kichwa chake kitupu kikapiga barafu, na siku mbili baadaye alifariki akiwa na umri wa miaka 29. Hata baada ya msiba huo, NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani na Kanada, haikulazimisha helmeti mpaka mwaka 1979, tena kwa wachezaji wapya tu. Waliotangulia waliruhusiwa kuendelea bila helmeti, na wa mwisho wao, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997. Kioo cha kukinga macho kikawa lazima kwa wanaoingia ligi hiyo kuanzia msimu wa 2013.

Kila mara watu wazima walisema kwamba hawahitaji kinga hiyo, na kila mara kizazi kilichofuata hakikuweza kuelewa walikuwa wakisubiri nini. Leo hali ni hiyo hiyo kwa shingo. Chuma cha kiatu cha barafu hunolewa ili kishike barafu, na kitu kinachoshika barafu hukata nyama bila shida. Clint Malarchuk, kipa wa Buffalo Sabres, alikatwa shingo na kiatu cha mchezaji mwingine tarehe 22 Machi 1989, akaokolewa na mhudumu wa timu aliyeuminya mshipa kwa mkono wake. Richard Zedník wa Florida Panthers alikatwa mwaka 2008 na kiatu cha mchezaji mwenzake wa timu moja, naye akapona. Adam Johnson wa Nottingham Panthers hakupona. Alifariki tarehe 28 Oktoba 2023 baada ya kukatwa shingo katika mechi iliyochezwa Sheffield, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 29.

Baada ya kifo hicho kanuni zilibadilika kwa kasi. Chama cha hoki cha Uingereza kililazimisha kinga ya shingo katika mashindano yake kuanzia Januari 2024, shirikisho la kimataifa la IIHF likafanya hivyo kwa mashindano yake katika ngazi zote, na USA Hockey, chama cha hoki cha Marekani, ikailazimisha kwa watoto na vijana kuanzia tarehe 1 Agosti 2024, huku watu wazima wakipewa ushauri tu. Naheshimu kanuni, ila naomba usizisome vibaya. Kanuni inapoishia kwenye umri fulani, inaonyesha wale ambao chama kinaweza kuwaamuru. Shingo ya mtu wa miaka 41 haijawa ngumu kuliko ya mwanawe.

Kwa hiyo ninakushauri ununue wavu kamili, kwa kuwa kioo cha nusu uso huyalinda macho lakini huacha meno na taya wazi. Ununue kinga ya shingo iliyotengenezwa kwa kitambaa kisichokatika kwa urahisi, mara nyingi cha nyuzi imara za viwandani ziitwazo aramidi, na kama mfuko unaruhusu, soksi na vikinga vya mikono vya kitambaa cha aina hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya kifundo cha mkono na kano ya kisigino nazo hukatwa. Fahamu mipaka yake pia: kinga ya shingo hupunguza hatari ya mkato, haizuii uti wa mgongo kuvunjika. Ukiona unaelekea ukutani, inua kichwa na utangulize bega au nyonga, na umfundishe mwanao vivyo hivyo hadi awe anafanya bila kufikiri.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Mnapocheza wawili, wewe ndiye kitu kizito zaidi uwanjani. Gongo lako lisipande juu ya kiuno chako, maana kiuno chako ni usawa wa uso wake, na usimfuate kwa nyuma karibu kiasi kwamba ukijikwaa utamwangukia. Nimewaona pia wazazi wanaoingia uwanjani na suruali ya kawaida, vichwa vitupu, ili kumshika mkono mtoto anayeanza. Mtoto akiteleza humvuta mzazi nyuma, na mzazi huanguka kisogo kikitangulia. Makocha wa watoto wa Marekani na Kanada wanatakiwa na vyama vyao kuvaa helmeti wakiwa barafuni hata mazoezini, na sababu ni hiyo hiyo.

SWALI: Shangazi yangu amenipa helmeti iliyotumiwa na mwanawe, pamoja na begi zima la vifaa. Nimpe mwanangu? Mpokeaji.

JIBU: Kila mtu hujikuna pale mkono wake unapofika, na vifaa vilivyotumika vimewawezesha watoto wengi kucheza. Ila vitenge mafungu mawili. Kinga za ugoko, pedi za viwiko na mabega, suruali na jezi unaweza kuvipokea kwa shukrani, ili mradi plastiki haina nyufa, sponji hurudi inapobonyezwa na velkro inashika. Kinga ya meno haiazimwi wala hairithiwi, kwani hufinyangwa kwa meno ya mtu mmoja.

Helmeti igeuze na usome ndani na nyuma yake. Iliyothibitishwa huwa na alama: HECC kwa Marekani, CSA kwa Kanada, CE kwa Ulaya. Stika ya HECC hudumu miaka 6 na nusu tangu tarehe ya kutengenezwa, hata kama helmeti ilikaa kabatini muda wote huo, kwa sababu plastiki na sponji huzeeka. Helmeti yenye ufa, iliyokosa skrubu, iliyopakwa rangi au iliyosafishwa kwa petroli au kiyeyusha rangi usiipokee hata ikiwa mpya kwa macho. Ile ambayo hujui ilipata pigo gani, mshukuru shangazi na uiweke kando. Ukiwa na fedha za kununua kitu kimoja tu kipya, nunua hiyo.

Kuhusu viatu, bonyeza pande za kifundo kwa vidole viwili. Kama zinakunjika kwa urahisi kama za kiatu cha kawaida, vimekwisha, hata kama chuma chake bado kinang'aa.

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 huivua kinga ya shingo kila nikigeuka. Anasema inamkaba na inamtia joto, na kinga ya meno anaitafuna mpaka imekuwa kama uzi. Nimeshachoka kugombana naye. Mama aliyechoka.

JIBU: Pole sana, mama. Kabla hujagombana naye tena, ivae wewe kinga hiyo kwa dakika 20 ukifanya kazi za nyumbani. Inawezekana kabisa kwamba mtoto anasema kweli. Zipo za mkanda mwembamba unaozunguka shingo, zipo zenye kipande kipana kinachoshuka kifuani, na zipo fulana ndefu zenye kola iliyoshonwa kwa kitambaa kisichokatika. Watoto wengi wanaochukia mkanda huivaa fulana bila neno, kwa kuwa hawahisi kitu kilichofungwa. Mpe nafasi ya kuchagua kati ya aina hizo, lakini suala la kuvaa au kutovaa lisiwemo kwenye machaguo. Ipitishe kidole kimoja kati ya kitambaa na ngozi, ikae chini kabisa ya shingo, na usikubali akate kipande chake ili kuipunguza. Soma lebo pia, maana baadhi ya zile za zamani ni sponji iliyofunikwa nailoni, nazo hazikuundwa kuzuia makali.

Kinga ya meno hutafunwa inapokuwa kubwa au inapolegea. Ile ya kuchemsha hulowekwa kwenye maji ya moto kwa sekunde zilizoandikwa na mtengenezaji, kisha mtoto huiuma na kuivuta kwa ulimi na midomo hadi ishike meno. Ikikaa sawa haianguki hata akifungua kinywa. Watoto huota meno mapya, kwa hiyo huenda ukalazimika kununua nyingine kila msimu. Anayevaa nyaya za kunyooshea meno amwone daktari wa meno ili atengenezewe yake.

SWALI: Nimeambiwa kuna helmeti za bei kubwa zinazozuia mtikisiko wa ubongo. Ninunue? Baba mwenye wasiwasi.

JIBU: Hakuna helmeti inayozuia mtikisiko wa ubongo, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Helmeti ilibuniwa ili kuzuia fuvu lisivunjike, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ubongo huumia kwa njia nyingine: kichwa kinaposimama au kuzungushwa ghafla, ubongo huendelea kusogea ndani ya fuvu. Sponji nzuri hupunguza ukali wa tukio hilo, haiwezi kulifuta. Kwa hiyo nunua iliyothibitishwa na inayomkaa, na fedha zinazobaki ziende kwenye kinga nyingine.

Kinachosaidia zaidi ni namna mchezo unavyochezwa. USA Hockey iliondoa kugongana miili kwenye mechi za watoto wa miaka 11 na 12 mwaka 2011, na Kanada ikafuata mwaka 2013, baada ya watafiti kuonyesha kwamba watoto wa umri huo waliumia zaidi walikoruhusiwa kugongana. Mwanao akigongwa kisha akaonekana amepumbaa, akalalamika kichwa, akatapika, akaona maluweluwe, akasahau matokeo ya mechi au akawa na hasira isiyo ya kawaida yake, mtoe uwanjani siku hiyo hiyo na asirudi hata akisihi. Ampitie daktari, kisha arudi hatua kwa hatua. Akipoteza fahamu, akitapika tena na tena au akizidi kusinzia, hiyo ni dharura ya hospitali. Na helmeti iliyopata pigo hilo ikaguliwe kabla ya kuvaliwa tena.

SWALI: Binti yangu anataka kuwa kipa. Je, vifaa vyake vya mchezaji wa ndani vitatosha? Mzazi wa kipa mtarajiwa.

JIBU: Havitatosha hata kwa siku moja ya kujaribu. Kipa hujiweka mbele ya mikwaju kwa makusudi, kwa hiyo anahitaji barakoa iliyothibitishwa kwa ajili ya kipa, ambayo nyaya zake hazipitishi kisahani wala ncha ya gongo, pamoja na kinga ya kifua na mikono, pedi kubwa za miguu, glavu ya kudakia na ile ya kuzuilia. Chini ya barakoa huning'inizwa kipande cha plastiki kinachokinga koo dhidi ya mikwaju, lakini hakichukui nafasi ya kinga ya shingo dhidi ya makali. Avae vyote viwili. Vilabu vingi huwa na seti ya kuazima kwa makipa wadogo, kwa hiyo uliza kabla hujanunua.

SWALI: Mimi sichezi, ninakaa tu ukingoni nikiwa na mdogo wao wa miaka 3. Je, nasi tuna hatari? Bibi yao.

JIBU: Shikamoo, bibi. Hatari ipo, nayo ni ndogo mkikaa mahali panapofaa. Kisahani huruka juu ya vioo. Mwezi Machi 2002, mjini Columbus, Marekani, msichana wa miaka 13 alipigwa na kisahani akiwa jukwaani na akafariki siku mbili baadaye, ndipo NHL ikaamuru nyavu zitundikwe nyuma ya magoli katika viwanja vyake vyote. Kaa nyuma ya wavu au kioo kirefu, usimsimamishe mjukuu kwenye lango lililo wazi la benchi, na mchezo unapoendelea macho yenu yasiwe kwenye simu.

SWALI: Nina mapacha wa miaka 5, na mimi mwenyewe nimeanza kucheza. Kutuvalisha sote watatu huchukua karibu saa nzima, na kila mara nagundua nimesahau kitu baada ya kuvaa kingine juu yake. Je, upo mpangilio? Mama wa mapacha.

JIBU: Upo, nao hufuata kanuni moja: vaa kutoka chini kwenda juu, na kila kifaa kivaliwe kabla ya kile kitakachokifunika. Anza na nguo nyembamba inayobana mwili na isiyoshika jasho, kisha kinga ya kinena. Fuatia kinga za ugoko, soksi ndefu juu yake, na suruali. Viatu vije baada ya suruali, kwa sababu kuipitisha suruali juu ya chuma kilichonolewa ni kazi na ni hatari. Kaza kamba wakati mtoto amekunja goti na kupiga kisigino sakafuni mara moja, ili mguu urudi nyuma. Zikaze zaidi kwenye kifundo kuliko kwenye vidole, na usizizungushe juu ya kifundo kwa ziada yake. Ndipo kinga ya shingo, pedi za mabega, pedi za viwiko, jezi, na helmeti pamoja na kinga ya meno. Glavu ziwe za mwisho, kwani mtoto akishazivaa hawezi kujisaidia kwa lolote. Wapeleke msalani kabla ya suruali.

Jivalishe wewe kwanza hadi kwenye pedi za viwiko, kisha uwageukie wao, la sivyo watakaa wamefungwa ndani ya helmeti wakitokwa na jasho wakikusubiri. Mkirudi nyumbani, toa kila kitu ndani ya begi usiku huo huo, toa soli za ndani za viatu, kausha chuma kwa kitambaa na utandaze vifaa mahali penye hewa, mbali na moto na jua kali. Jasho lililofungiwa ndani ya begi huleta uvundo na ukungu, na mchubuko mdogo unaokutana na pedi chafu huweza kugeuka jipu. Pedi za kitambaa zioshe kwa mkono kwa sabuni laini kila baada ya majuma machache.

Halafu kuna lile la langoni. Viatu vya barafu hutembezwa kwenye sakafu vikiwa vimevalishwa vifuniko vya plastiki kwenye chuma, na mtu anayekanyaga barafu bila kuvitoa huanguka papo hapo, kwa nyuma. Msimame watatu mbele ya lango, kila mmoja ashike ukuta na kuinua mguu mmoja, kisha wa pili. Wahesabu kwa sauti: vifuniko viwili, vinne, sita. Katika hao watatu, anayesahau vyake huwa ni mama, kwa sababu macho yake yako miguuni pa wanawe.